Jumamosi sita za kozi ya usanifu na fikra za mifumo kwa msanifu mstaafu wa Kibokoni, Mombasa: nimelipa, nimekaa, haya ndo nlioyaona

Nianze na pesa maana najua ndo swali la kwanza. Elfu saba na mia tano, Jumamosi sita, saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, chai na mahamri yamo humo humo kwenye bei. Cheti hakuna. Narudia kwa wale wa kusoma mstari mmoja wakaruka mitatu: cheti hakuna, wala karatasi ya muhuri, kuna jamaa alilijua hilo Jumamosi ya pili akanuna, akabeba begi lake akashuka ngazi na hatujamuona tena, na mwalimu hata hakumwita.

Mimi kazi yangu nachora ramani za nyumba. Nina diploma na miaka tisa ya AutoCAD, ile programu ya kuchorea, si msanifu wa kusajiliwa, kwa hivo kila ramani yangu lazima ipite kwa mwenye namba yake aipige muhuri ndo iende kaunti. Ofisi ni chumba kimoja mtaa wa Majengo juu ya duka la simu, meza mbili na feni. Mteja aja na picha kaitoa kwenye simu, asema nataka hii hii lakini ploti yangu ndogo, mimi nabana nabana mpaka iingie, siku nne nampa, alipa, kwaheri. Hiyo ndo nliokuwa nikiijua mimi kuwa dizaini. Sasa mwenzangu mmoja akanitumia tangazo WhatsApp, limetengenezwa ovyo, maneno meupe juu ya rangi ya manjano hata kusomeka hayasomeki: usanifu na fikra za mifumo (yaani kutazama vitu vinavyovutana kwa pamoja, si kimoja kimoja), njoo na tatizo lako la kweli, laptopu iache nyumbani. Ile ya laptopu ndo iliyonivuta, maana mimi bila laptopu ni kama seremala hana msumeno, nkajiambia hebu nikaone huyu mzee ataka nini.

Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi kuwekwa mitandaoni, na watu wa Kibokoni wanamjua. Ni msanifu majengo mstaafu, umri sabini na kitu, alisoma Nairobi, akachora maofisi na mahoteli ya pwani, halafu katikati ya maisha, kazi zimemjaa, akaacha akaenda Marekani kusoma upya, akafundisha huko miaka, akafundisha na huku, sasa karudi nyumbani kwa marehemu babake afundisha ghorofani Jumamosi. Siku ya kwanza kila mtu alikuwa na swali lile lile, mtu ana kazi zake aziache akasome mambo ya mifumo kwa njaa gani?

Akatusimulia. Alichora ghorofa tano, mtaa hakuutaja, na kila sheria ya ujenzi kaifuata, umbali wa mpaka sawa, madirisha sawa, baraza la mji wakati huo likapitisha bila hata kuirudisha. Jengo likasimama, likasifiwa. Miaka miwili baadae apita uchochoro wa nyuma akaikuta nyumba ya bibi mmoja ilokuwa ikipata kusi moja kwa moja, sasa haipati hata pumzi, wajukuu walala ukumbini mlango wazi. Majirani wenye uwezo wakafunga eisi, zile mashine za kupoza hewa, eisi yatupa joto nje, na nje yenyewe ni uchochoro wa futi sita, joto lazidi, asokuwa na eisi nae sasa hana budi atafute, basi kila mashine inayofungwa yamtafutia mteja fundi wa eisi. "Ramani yangu ilikuwa sawa," akasema, "ila yule bibi alikuwa nje ya karatasi."

Hapo nkaweka kalamu chini. Nina ramani ngapi mimi ambazo karatasi imeishia kwenye ukuta wa jirani, upande wa pili nimeandika tu "ploti ya jirani" basi nikaendelea?

Sasa msidhani ni hadithi za wazee tu. Niwape kitu nlichokiona kwa macho yangu, maana kwangu hiki ndo kimebeba kozi nzima. Jumamosi ya kwanza hiyo hiyo, tuko juu tumekaa, twasikia maji yamwagika nje shwaaa. Tangi la juu ya dari limejaa na boya limekwama. Mjuavyo Mji wa Kale maji ya mfereji huja siku yake, yakija pampu yawashwa, na boya likikwama yaenda barabarani. Darasani mlikuwa na fundi bomba, kijana wa Mkomani mchangamfu sana, akasimama, mwalimu nipe dakika kumi nalibadilisha. Mzee akasema kaa kwanza. Akatuchorea boya ubaoni kwa chaki: maji yapanda, boya lapanda, mkono wafunga maji, maji yakishuka boya lashuka, yafunguka. Akasema huu ndo mrejesho, kitu kinajipima chenyewe na kujirekebisha, na mkielewa boya mshaelewa nusu ya vitabu nlivosoma kwa dola nyingi. Halafu akauliza: kabla hajalitengeneza, nani ataumia?

Tukacheka. Nani aumie kwa boya kupona? Fundi akalitengeneza Jumamosi ya pili, spea mia tano tukachanga. Jumamosi ya tatu tunaingia, mama wa viazi karai anaekaa chini kashika kiuno. Kumbe lile bomba la kumwagika lilikuwa likishukia kwenye pipa lake, mwaka wa pili huo, ndo maji yake ya kuoshea sufuria na kumenyea viazi. Sasa yuanunua mitungi kwa mkokoteni, na mfereji ukiwa umekauka mwenye mkokoteni hujiwekea bei yake. Mama wa watu katutolea maneno pale mlangoni, wallahi kama angekuwa na ngoma ingekuwa kusutwa kamili. Fundi akatoa tawi kwenye bomba akamuwekea koki yake. Wiki ya tano bili ya mwalimu imepanda, mama nae atuletea viazi karai vya bure na ukwaju, mzee acheka yuasema haya, nichoreeni sasa huu mfumo, mpaka mwauweka wapi? Watu kumi na tatu, michoro kumi na tatu, hakuna mbili zilofanana. Mimi nlimsahau alokuwa akisukuma mkokoteni, kapoteza mteja.

Nadharia ipo, na kwa kweli ni nyingi, pengine kuzidi. Anaemtaja kila saa ni Churchman, West Churchman, alokuwa mwalimu Berkeley kule California, sio msanifu huyu, ni mtu wa falsafa aliefundisha shule ya biashara, na neno lake kubwa kwa maelezo ya mzee ni kwamba fikra za mifumo zaanza pale unapoitazama dunia kwa macho ya mwenzio. Kutoka kwake yuaja Harold Nelson, na huyu ndo msanifu majengo haswa mwenye leseni yake, akasoma shahada ya juu Berkeley chini ya Churchman, akaja kuongoza programu ya usanifu wa mifumo mizima Chuo Kikuu cha Antioch, Seattle, akawa mpaka rais wa jumuiya ya kimataifa ya sayansi za mifumo, na mwaka 2003 pamoja na Erik Stolterman wakatoa kitabu chao ambacho hoja yake ni kuwa ubunifu ni utamaduni wake peke yake, si sayansi na si sanaa, maana sayansi yatafuta kilicho kweli na mbunifu atafuta kitu ambacho hakijakuwako bado. Mwalimu wetu ukimsikiliza waona ndo njia alotamani nae kuifuata, kuchora, kuacha kuchora, kufundisha wengine wachore vingine. Hasemi hivo mdomoni lakini waona.

Halafu kuna Horst Rittel, Mjerumani, kichwa cha hesabu, alifundisha Ulm kwenye ile shule ya ubunifu ilofunguliwa 1953 ikafungwa 1968, nae akahamia Berkeley 1963. Yeye na Melvin Webber wakaandika makala 1973 wakasema kuna matatizo ya aina mbili. Moja kama chesi au hesabu, wajua ukishinda umeshinda. Ya pili mwalimu ayaita matatizo korofi, hayana pa kusema sasa nimemaliza, jibu lake si kweli wala uongo, ni afadhali au baya zaidi, na huwezi kufanya majaribio kwa sababu ukishajenga ushajenga. Wakahesabu sifa kumi za ukorofi. Darasa lote bila kuambizwa likageukia kivuko cha Likoni. Feri, bwana! Ukiongeza feri gati zabana, ukipanua gati magari yazidi, ukiwavusha watu kwengine wakuambia kule mbali, maana wakati wa korona liliwekwa lile daraja la kuelea la Liwatoni la waenda kwa miguu, na alotoka Likoni aende Mwembe Tayari akajikuta ahesabu hatua upya. Saa nzima tukazozana hapo na mzee hakutuzuia, kakaa dirishani na kahawa yake tungu. Mimi binafsi niliona tumepotea njia kidogo, kila mtu ni mtaalamu wa feri Mombasa hii, lakini yeye asema kule kuzozana ndo somo.

Jumamosi ya pili alitutoa nje, na hii kwangu ndo ilokuwa tamu kupita zote. Kila wawili wakapewa baraza moja, ukae saa moja na nusu, uandike nani kakaa, muda gani, kaja kufanya nini. Mimi na binti mmoja anasoma mambo ya kompyuta tukapewa baraza la nyumba ya mlango wa nakshi, ukuta wa matumbawe umepakwa chokaa juzi juzi. Dakika ya kwanza wazee wawili wa bao. Kisha mtoto wa chuo kaweka juzuu zake kapumzika. Muuza kahawa akapita akagonga vikombe vyake, akasimama kwa sababu wale wa bao wapo, na kwa sababu muuza kahawa kasimama boda akasimama, na kwa sababu boda kasimama mama kutoka ndani akapata wa kumtuma limau sokoni. Paka watatu sijawahesabu. Saa moja na nusu watu kumi na tisa, na mwenye nyumba mwenyewe hakukaa hata mara moja.

Tuliporudi akatuuliza, baraza ni la nyumba au la njia? Wengine nyumba, wengine njia. Ndo akamtoa Christopher Alexander, mzaliwa wa Vienna 1936, akakulia Uingereza, akafundisha Berkeley huko huko (hawa watu wote mjue walikuwa mji mmoja, mpaka nkashangaa kwengine kulikuwa na nini). Mwaka 1965 aliandika kwamba mji si mti, yaani si shina lenye matawi ambapo kila jani lina tawi lake moja tu. Mji wa kweli vitu vyapandana. Mfano wake ulikuwa taa za barabarani na rafu ya magazeti mlangoni pa duka pale Berkeley, mtu asubiri taa, hana la kufanya, asoma vichwa vya habari, wengine wanunua, basi taa na gazeti na njia ya miguu vimekuwa kitu kimoja bila mtu kukipanga. Wale mabwana wanaopanga mji kwa kompyuta, mwalimu asema, wauchora kama mti: hapa makazi, hapa biashara, hapa watoto wacheze, halafu washangaa mbona pamekufa. Baraza ni la nyumba na la njia kwa pamoja, ndo maana laishi. Yule binti wa kompyuta akamkatiza, huyu Alexander mbona sisi twamsoma kwenye kuandika programu? Na ni kweli, kile kitabu chake na wenzake cha 1977 chenye ruwaza 253, yaani mitindo inayojirudia, za majengo na miji, watu wa programu waliichukua ile fikra wakaifanya yao. Nkaona raha, kwa mara ya kwanza fani yetu imewapa watu wa kompyuta kitu.

Na kitu kingine alichotuonyesha bila kutoka chumbani. Chumba chenyewe tunachosomea ni chembamba, futi tisa hivi, kirefu kama behewa, mkikaa kumi na wanne magoti yagongana. Tukalalamika. Akatuambia tazameni juu. Dari ya boriti, mikoko, na boriti haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa zaidi ya urefu ule, basi upana wa chumba cha Mji wa Kale umeamuliwa na mti ulokuwa ndani ya matope ya mkono wa bahari, na upana wa chumba ukaamua kitanda kikae vipi, na kadhalika. Mimi nimekaa nyumba hizi tangu utotoni kwa nyanya yangu na sijawahi kujiuliza.

Bamburi twende haraka. Jumamosi ya nne alitupeleka Haller Park, nauli na kiingilio kila mtu mfuko wake, na hili tangazo halikusema, nawaambia mapema mjipange. Wengi tuliwahi kwenda shule ya msingi kumuona mamba na twiga, lakini si hivi. Lile lilikuwa shimo la machimbo ya simenti, jangwa la mawe tupu, chumvi na joto. 1971 René Haller, Mswisi, akaanza kupanda, akajaribu aina 26 za miti, 3 tu zikashika, mvinje ukiwa mmoja. Mvinje wajiweza kwa sababu mizizi yake ina vijidudu vyavuta naitrojeni kutoka hewani. Lakini majani yake yakaanguka yakarundikana, hayaozi, yana kemikali ya kuzuia kuoza, na bila majani kuoza hakuna udongo. Mwenzangu na mimi tungeleta mbolea kwa lori. Yeye akamuona jongoo yuayala yale majani, akaleta majongoo mengi, mamia kwa mamia, yakala, yakanya, udongo ukapatikana, ndo ikaja nyasi, ndege na wanyama. Mwalimu kasema neno jongoo mara ishirini na vijana wa nyuma wamekufa kwa kicheko kwa sababu zao wanazozijua, mpaka mzee akagundua nae akacheka, akasema basi huyu alipanda mtungi, tuendelee.

Alichotaka tukione ni pa kuingilia. Donella Meadows, Mmarekani, aliwahi kupanga 1999 sehemu 12 za kuingilia mfumo, za chini kabisa ni kuongeza na kupunguza namba, za juu ni lengo la mfumo na imani ilojenga mfumo. Sisi watu wa ujenzi twapenda za chini. Ongeza vyumba, ongeza upana, ongeza ghorofa. Jongoo hakuongeza namba ya kitu, aliufunga mzunguko ulokuwa wazi.

Haya, malalamiko, maana si yote asali. Ngazi. Mwinuko wa ngazi za ile nyumba ni kama wapanda mnazi, mama mmoja mwalimu wa shule alikuja na goti lake bovu ikabidi ashikwe mkono kila wiki, na mtu anaefundisha kumfikiria aliye nje ya karatasi angeshaliona hilo. Stima ikipotea projekta yalala na feni yalala, na ilipotea mara mbili. Zile karatasi anazogawa ni kopi ya kopi ya kopi, mistari mieusi pembeni, maneno ya Kiingereza mazito tele, akisema atatafsiri kwa mdomo halafu asahau. Jumamosi ya sita iliahirishwa wiki tatu kwa ujumbe wa usiku saa nne. Na mzee apenda hadithi zake, ukimuuliza swali la kesho akujibu la 1988.

Kubwa kuliko yote ni hili, na nliliuliza mbele ya watu. Kila mtu yualeta tatizo lake, labandikwa ukutani, mnasimama wote mwalikosoa, ndo mtindo wa shule za usanifu tangu zamani, mwenyewe asema mtu hajifunzi kubuni kwa kusikiliza, hujifunza kwa kuchora akasutwa akachora tena. Langu lilikuwa mteja wa Kisauni, upande wa chini karibu na mkono wa bahari, ana vyumba kumi na viwili vya kupanga, ataka ghorofa juu, vyumba sita zaidi. Nimeileta ramani safi, ngazi imekaa, choo kimekaa. Mwalimu akaiangalia akauliza swali moja: nani hajaulizwa?

Nkarudi Kisauni nkakaa na wapangaji, kikombe cha chai, mlango mmoja mmoja. Kati ya vyumba kumi na viwili vitano vitupu. Mwenye nyumba hakuniambia hilo! Wahama kwa sababu ya maji, mfereji mkavu, kisima kimekuwa cha chumvi, nguo zafubaa, chai yasaga meno. Na kila pampu ikipigwa zaidi maji ya bahari ndo yasogea ndani zaidi, basi ghorofa mpya ni wapangaji zaidi, pampu zaidi, chumvi zaidi, vitupu zaidi. Nkachora huo mzunguko kwenye karatasi moja, nkampelekea mwenye nyumba, nkamwambia ami, kabla ya ghorofa weka mabati yako mifereji na tangi la chini, mvua ya masika ikupe maji matamu.

Akanitazama. "Nlikulipa unichoree au unihesabie wapangaji?" Akachukua ramani yake akaenda kwa mwengine.

Elfu ishirini na tano imeondoka hivo hivo. Kwa hivo Jumamosi ya tano nkasimama nkamuuliza mzee, mwalimu, haya yote matamu lakini mteja halipii kufikiri, alipia mchoro, mimi na wewe si sawa, wewe una pensheni. Akanipa Churchman. Dakika kumi na tano za Churchman, maadili ya mpangaji, nani anufaike, nani aamue, maneno mazuri lakini kodi ya chumba changu Majengo hailipwi na Churchman. Nlikasirika kidogo, sitaficha.

Aliyenijibu ni yule fundi bomba, tena wakati wa chai, mdomo umejaa hamri. Akanambia kaka yangu mie nikiitwa kwa mtu, kuja kuangalia tu ni mia tano, hata nisipofungua spana, maana nikishaangalia ndo nimefanya kazi, kukaza nati yeyote aweza. Mbona wewe waenda kuangalia bure?

Tangu wiki ile natoza elfu moja na mia tano ya kuja kuangalia. Naenda, nakaa na watu wa nyumba, naenda na uchochoroni kwa jirani wa nyuma, naandika ukurasa mmoja, nawapa. Wanne wamekubali, wawili wamenicheka, mmoja kakubali halafu hajatuma M-Pesa mpaka leo. Kati ya hao wanne watatu wamerudi nichore, na michoro ilokuja si ile waloitaka mwanzo, mmoja ilikuwa nimchoree bafu la pili akaishia kuhamisha mlango tu. Na yule wa Kisauni, usifikiri imeisha vizuri, amenipigia majuzi ataka nimpimie tangi la chini, elfu nne kanilipa bila kubishana, nafika pale nakuta nguzo za ghorofa zishasimama pia. Nkanyamaza nkapima tangi.

Nyota nne basi. Ukitaka cheti cha kupeleka kwa mwajiri usiende, ukitaka kujifunza programu za kuchora usiende. Ukiwa na kazi mkononi inayokusumbua, iwe ramani, duka, shule, hata sakosi yenye ugomvi, nenda nayo. Kundi lijalo asema ni baada ya masika, nafasi kumi na nne kwa sababu ya zile boriti. Beba kipepeo cha mkono na maji yako, viatu vya kuvuka ngazi, na nauli ya Bamburi weka pembeni. Fundi bomba amejiandikisha tena, ukimkuta kaa karibu nae.